Nimekuta ukucha wa wifi kwenye mashine yangu ya kufulia

Admin, jina langu liweke kapuni na usitaje mtaa zaidi ya Nyasho, maana ukoo mzima wanakusomaga. Nina miaka 34, ni fundi cherehani hapa Musoma, nimeolewa mwaka wa kumi huu na nina watoto watatu. Naandika nina hasira, nikikosea maneno mnisamehe.

Kwangu kuna mashine ya kufulia, ile ya mlango wa mbele. Niliinunua mwenyewe mtumba, na anayeitunza ni mimi. Mtu aliyezoea kufungua cherehani yake na kuitia mafuta haogopi mashine. Kila Jumamosi nafungua kile kifuniko kidogo cha chini, naweka beseni, maji yaliyobaki yanatoka, halafu nachomoa kichujio nakiosha. Humo natoaga mchanga, vifungo, nyuzi, mpaka magamba ya dagaa. Nafuta mpira wa mlangoni, na mlango nauacha wazi usishike uvundo. Mwaka wa nne huu hajaigusa fundi. Lakini mume wangu akikaa na wenzake anasemaga bila yeye ile mashine ingeshakufa zamani. Nilikuwaga namwachia hiyo sifa, nikisema mwanaume wangu, acha aonekane. Huo ndio ujinga wangu wa kwanza.

Mwezi uliopita baba mkwe alikuja kutoka Butiama, ana kliniki ya presha, akafikia kwetu. Wifi yangu, dada wa mume wangu anayeishi Manyamanyama kule Bunda, akaja kumhudumia. Kilichomleta ni kwamba kwetu mke hagusi nguo za baba mkwe wake, na nguo za mzee hazichanganywi na za mkwewe hata kwenye kamba. Ni heshima, nimeikuta, naishika. Hata kuongea na mzee uso kwa uso siongeagi, nikiwa na neno napitishia kwa mume. Kwa hiyo wifi ndiye aliyekuwa wa kumfulia, kwenye beseni, kwa mikono yake.

Siku hiyo niliacha gauni langu chafu ndani ya mashine nikaenda kibandani kwangu kushona. Narudi jioni nakuta mashine imekwama, imejaa maji, mlango umejifunga, na kwenye kioo naona gauni langu limejiviringisha na shati la mzee. Kabla sijafungua mdomo wifi akaanza yeye, tena kwa sauti ya kufika barazani alipokaa mzee, kwamba ndiyo tabia gani hii ya kumchanganyia baba nguo na zako. Nikaapa sijazigusa. Nikasema basi nifungue kichujio maji yatoke, mume wangu akanikataza, eti nimeshaharibu vya kutosha, ataifungua yeye. Haya, mume wangu fundi akaingia kazini. Jamani, kichujio alikitafuta nyuma ya mashine! Mwisho akavuta bomba la nyuma akalilaza chini, maji yakafika mpaka sebuleni. Mzee hakugusa tena chakula changu, na asubuhi akaondoka, akilalamika kwamba rozari yake nayo imepotea.

Jumapili baba wadogo wawili wa mume wangu wakaja wakaweka kikao. Wakaamua nipeleke mbuzi na blanketi Butiama, nikapige magoti, na mashine itoke nyumbani kwangu kwa sababu ina mkosi. Nikauliza itoke iende wapi. Nikaambiwa Manyamanyama, kwa wifi, kwa kuwa yeye ni binti wa mzee, haitamdhuru. Yaani mkosi ni wa Musoma tu, ukifika Bunda unageuka baraka. Mume wangu alikuwa amekaa pale pale, anaangalia vidole vyake.

Kesho yake alipotoka nikaweka beseni, nikafungua kichujio. Kilikuwa kimeziba, kimebaki kiupenyo tu. Zikatoka shanga nyeusi za rozari ya mzee, bila shaka ilibaki kwenye mfuko wa nguo zake ikakatika. Na katikati ya zile shanga kukawa na ukucha wa kubandika, mwekundu, wenye vimeta. Mimi nashona kutwa, kucha za kubandika nizifanyie nini? Kwenye nyumba ile aliyezivaa ni mmoja. Alichoka kufua kwa mikono, akatumbukiza nguo za baba yake juu ya gauni langu, akabonyeza.

Mchana mume aliporudi kula nikamwekea vile vitu kwenye kisahani mbele yake. Akaviangalia, akakisukuma pembeni.

"Najua," akasema. "Dada aliniambia siku ile ile."

Nikamuuliza, na kwenye kikao ukanyamaza?

"Yule ni dada yangu, mama watoto. Wewe ni mke, wewe utavumilia."

Akaendelea kula sato wake. Sato niliyemkaanga mimi.

Ndugu zangu, mashine nimeshaiwasha, inafua na kukamua kama kawaida. Jumamosi wanakuja na gari kuibeba. Inaniuma, ni jasho langu, lakini kinachoninyima usingizi ni jina. Nikikaa kimya nitabaki mkwe aliyemdhalilisha mzee mpaka siku nazikwa, na wanangu wataambiwa hivyo hivyo. Kujitetea mbele ya mzee siruhusiwi, lazima nisemewe na mume, na mdomo wa kunisemea ndio huo uliokuwa unatafuna samaki.

Shanga zote nilizozipata nimezitunga upya kwa uzi wa cherehani yangu. Ukucha nimeufunga kwenye karatasi. Nimtumie mzee vyote viwili, bila barua, aone mwenyewe, hata kama ndoa itaishia hapo? Au nifunge mbuzi kamba nikapige magoti kwa kosa la mtu mwingine? Niambieni chochote, hata mkinitukana nitasoma. Ila asije mtu hapa kuniambia nivumilie.