Mstari Niliomrukia Kukhu

Uji wa mtama ukishika chini ya sufuria, hadi leo naacha nilichoshika mkononi. Wajukuu wangu hunicheka. Hawajui kwamba harufu ile ni ya barua. Kukhu, nyanya yangu mzaa baba, hakuiamini gundi ya bahasha za posta. Alibandika kwa uji mzito, akakandamiza kwa pasi ya makaa, na mpaka leo sijaona bahasha ngumu kufungua kama zile.

Tuliishi nyumba za reli hapa Nakuru. Kukhu hakujua kusoma, kwa hiyo nilipofika darasa la nne nikawa karani wake, na niliringa kweli kweli. Wanawe wawili, wadogo zake baba, walikuwa Ujerumani. Anko Enos alipelekwa na kanisa upande wa magharibi. Anko Wycliffe alipata nafasi ya kusomea mitambo upande wa mashariki. Atlasi ya shule ilipaka nchi ile rangi mbili, na mwalimu alituambia kwamba baada ya vita kuu Wajerumani waligawanywa serikali mbili zisizosalimiana, katikati ukuta. Nikamweleza Kukhu. Alicheka hadi akashika mbavu.

"We mtoto, watu wa mama mmoja wagawanywe na ukuta? Si wapite kwa geti?"

Kwetu ndugu wakikutana hula sahani moja. Anayejipakulia yake ana jambo moyoni. Basi kila barua kwa Wycliffe iliishia pale pale: "Enos anasema uvuke tu, kitanda kipo. Mle sahani moja. Damu ni nzito kuliko maji." Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, tukabandika kwa uji.

Jibu la Wycliffe likaja. Kukhu alikaa kwenye kigoda, ameshika bahasha tupu kifuani, akitabasamu kabla sijaanza. Nikasoma salamu, nikasoma habari za baridi na mitihani. Kisha nikakuta mstari huu: "Mama, tafadhali usimtaje Enos tena, wala habari ya kuvuka. Barua zako zinafunguliwa, na mimi naitwa kuhojiwa."

Nilimtazama Kukhu. Lile tabasamu sikuweza kulivunja. Nikauruka mstari ule, nikasoma, "Ni mimi mwanao, Wycliffe."

Barua ya pili ilikuwa na mstari huo huo, umepigwa mstari chini. Niliruka. Ya tatu niliruka pia, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza zile mbili. Na kila mara tulijibu: uvuke tu, kitanda kipo.

Barua ya nne haikuja. Kila Jumamosi Kukhu alinituma posta, na kila Jumamosi nilirudi mikono mitupu, nikimkuta amekwisha kupika uji. Alikufa mwaka wa pili wa kungoja. Tulimzika kwenye kishamba alichonunua Dundori.

Ukuta ulipobomolewa, Wycliffe alirudi na sanduku moja dogo, akajenga kwenye kishamba kile. Enos alikuja likizo, wakala sahani moja, bila yule aliyeiomba. Wycliffe alipanda viazi kila pembe, ila pembe ya kaburi aliiacha imee magugu. Ukimuuliza, alijibu neno moja kila mara: "Nilimwandikia Mama mara tatu. Aliona heri nifungwe kuliko kumkosea Enos." Nami nilikunywa chai yake nikanyamaza. Miaka mingi sana, wasomaji wangu, nilikunywa chai ile.

Mwezi uliopita nilipanda hadi Dundori na barua ya tatu. Nilikuwa nimeificha kwenye Biblia tangu utotoni. Anko sasa haoni. Mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili.

"Ni barua yako ya zamani, Anko."

"Soma basi."

Nikasoma salamu, baridi, mitihani. Nilikwenda kwa nia ya kuungama, naapa. Lakini nilipofika pale, ulimi ulifanya ulichozoea. "Ni mimi mwanao, Wycliffe."

Jogoo aliwika nje, mchana ule.

"Kuna mahali umeruka," Anko akasema. "Na Mama ulimsomea hivyo hivyo?"

"Zote tatu, Anko."

Hakunifokea, afadhali angenifokea. Alipapasa fimbo yake, akanishika bega, tukapita kwenye viazi hadi kwenye magugu. Akapiga magoti, akaanza kung'oa kwa mikono, akipapasa lipi ni gugu na lipi ni ua.

"Sasa msomee," akasema. "Usiache neno."

Nikaisoma barua yote, na mstari ule, kwa sauti. Utotoni niliogopa Kukhu angelia. Nikiwa nimesimama pale nilielewa kwamba angelia, halafu angenyamaza kuhusu Enos, na barua ya nne ingekuja. Nilipomaliza, Anko aliinamisha sikio kuelekea udongo, na sote wawili tukangoja.