Chumvi ya Chai ya Saa Kumi

Kabla hajaajiriwa kwa Rubab, pale Nyasubi mjini Kahama, Lusia alikuwa akiponda mawe ya dhahabu Bugarama, amekaa chini, kinu katikati ya miguu. Mikono ilizoea. Siku ya kwanza Rubab alipompa biskuti azivunje, alizifanya unga.

"Ai, Mama Abel! Humo hamna dhahabu," Rubab alimwambia Lusia huku akicheka. "Bakiza vipande, tukikata vionekane."

Ndivyo alivyojifunza. Biskuti huchanganywa na siagi iliyoyeyushwa, kakao, maziwa mazito ya kopo, na karanga za kukaanga ambazo Lusia alizitoa kwao Samuye. Mchanganyiko huviringishwa ndani ya nailoni kama gogo dogo, ukaachwa kwenye friji mpaka ugande. Hakuna kuoka. Saa kumi unakatwa, chai inamiminwa.

Kila siku, kabla ya kugusa chochote, Rubab alichovya kidole kwenye kibakuli cha chumvi akakilamba. Akimaliza kula, alilamba tena. Kwao Wabohora, Waislamu wa asili ya Kihindi, chumvi hufungua mlo na chumvi huufunga. Yeye alifanya hivyo hata kwa chai. Tangu mumewe, mzee Taherali, alipozikwa, chai hiyo walikunywa wawili, tajiri na mfanyakazi wake.

Mwaka huu Rubab alipigwa na kiharusi. Maneno yakapotea, kisha akaacha kula. Uji aliutema. Supu ilipokuja alifumba mdomo. Mwanawe Hozefa alikuja kutoka Dar es Salaam, na mchana mmoja alikuwa amesimama jikoni na Lusia.

"Daktari anasema asipokula leo, kesho tumpeleke Mwanza akawekewe mpira puani."

"Baba, alikuwa akisema siku zote kwamba hataki kufia hospitali. Anataka chumba chake," Lusia alisema.

"Sasa nimtazame akifa njaa, Mama Abel?"

Lusia alitoa kinu kabatini. Alifungua pakiti ya biskuti.

"Amekataa maji, atakula biskuti?"

"Hizi ni zake."

Karanga aliziacha, zisije zikampalia. Biskuti alizitwanga mpaka zikawa vumbi.

"Unatwanga kama uko machimboni," Hozefa alisema.

"Nikiiona dhahabu sikwambii."

Hozefa alicheka kidogo, kisha akageukia dirishani na kujifuta macho.

Saa kumi, gogo lilipokuwa limeganda, Lusia alikata kipande kimoja, akakiponda kwenye kijiko na kukilainisha kwa chai. Kitandani, Rubab alifumba mdomo. Lusia akabembeleza, akaimba kidogo kwa Kisukuma. Ndipo alipokiona kibakuli cha chumvi pale kwenye sinia. Aliushika mkono wa Rubab ambao haukupooza, akachovya kidole cha mkono huo kwenye chumvi na kukipeleka mdomoni mwake.

Midomo ikafunguka.

"Amekula!" Hozefa alisema kutoka mlangoni.

"Bado. Amefungua tu."

Akampa biskuti. Rubab alitafuna muda mrefu, akimtazama Lusia kama anayetafuta vile vipande visivyokuwepo. Akameza. Lusia alijaza kijiko cha pili. 

Mkono wa Rubab uliinuka wenyewe. Ulikipita kijiko, ukapapasa sinia, ukafika kwenye kibakuli. Alichovya kidole, akakilamba taratibu, kisha akaulaza mkono kifuani.

"Mpe biskuti," Hozefa alisema. "Mama Abel, mpe tena."

"Hozefa."

"Labda ameiona chumvi tamu. Mpe!"

Hozefa alikulia katika nyumba hiyo, naye alijua maana ya chumvi ya pili. Lusia alirudisha kijiko kwenye sahani.

"Amefunga mlo, baba."

Hozefa alitoka akaenda barazani. Lusia akamsikia akipiga simu, akizungumza na dereva: waondoke alfajiri kwenda Mwanza, kiti cha nyuma kilazwe. Sauti ilimkatika, akaanza tena.

Rubab alikuwa ameyafumba macho. Lusia alichukua pembe ya kanga yake, akamfuta kakao mdomoni, kisha akaenda kabatini kumtafutia nguo za safari.