Makipa Wawili wa Mholanzi

Kilichoninyima usingizi kabla ya safari hii si urefu wa barabara, ingawa kutoka Riyadh hadi Jeddah ni mwendo wa kutwa nzima. Ni kwamba nilikuwa nimewaahidi watu wawili lango moja.

Mimi ni karani wa ghala huko Riyadh, mwenye digrii ya sayansi ya siasa ambayo mpaka sasa imenisaidia kupanga maboksi. Ghala letu linasimamiwa na Mholanzi aitwaye Wouter, mtu mrefu wa kuinama kila mlangoni, ambaye alifanya kazi Mombasa miaka minne na kuokota Kiswahili chake chote huko. Wouter ana mapenzi matatu. La kwanza ni siasa za kwao, anazozifuatilia kwenye simu kama mtu mwenye mgonjwa hospitalini. La pili ni bia, na kwa kuwa huku bia yenye kileo ni mafi, kama wasemavyo Waarabu, yaani haipo kabisa, yeye huonja zile zisizo na kileo, moja baada ya nyingine, na kuziandikia maoni kwenye daftari. La tatu ni mpira wa mtaani. Alianzisha timu ya walinzi, madereva na wapakuzi wa Kikenya, nasi tukawa tunacheza kila Ijumaa kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya maghala.

Shida ni kwamba Wouter hapangi timu. Anasema mtu mmoja akipanga peke yake, huo ni udikteta. Kwao uchaguzi ukiisha huteuliwa mtu wa kuzunguka akisikiliza kila upande mpaka wakubaliane, hata miezi ipite. Katika timu yetu mtu huyo ni mimi. Ananiita Katibu. Kila wiki nazunguka na kalamu, nasikiliza, na kwa kuwa sijawahi kuweza kumwambia binadamu "hapana" usoni, nawajibu wote neno moja: "Usijali."

Nilimwambia usijali Wanyonyi. Huyu ni mlinzi wa geti letu, anayemdai kila mgeni ikama, kibali chake cha ukaazi; ni mtu wa Bungoma, miaka arobaini na minne, kipa wa akiba tangu timu ianze. Uwanjani kazi yake imekuwa kushika chupa za maji. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, na Jumatatu baada ya mechi ya Jeddah alikuwa anarudi nyumbani kabisa. Binti yake, Nekesa, alikuwa ameambiwa kwa miaka miwili kwamba baba ni kipa.

"Katibu, hiyo ndiyo ya mwisho," aliniambia getini huku akiandika saa yangu ya kuingia. "Nidake hiyo moja tu, mtoto aone video. Sitakuomba kitu kingine."

Usijali, nikasema.

Kesho yake nikamwambia usijali Kipchumba, kipa wetu wa kweli, dereva wa kampuni, kijana wa Eldoret asiyecheka ovyo. Yeye alikubali kutoa likizo yake ya Idi atuendeshe, kwa sharti moja: "Nadaka dakika zote tisini. Sitaki story."

Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, tukaondoka Riyadh kwenye koasta ya kampuni. Mimi nilikaa kiti cha nyuma kabisa, mbali na Kipchumba. Wouter alikaa mbele na barafu, katoni nne za bia yenye ladha ya stroberi, na glavu mpya alizonunua sokoni Al-Dirah siku iliyotangulia. Jozi moja. Niliitazama ile jozi mpaka jua likachomoza.

Saa mbili asubuhi mji ulikuwa umebaki nyuma, pande zote mbili jangwa. Wouter akafungua mdahalo wa wagombea wa kwao kwenye spika ya gari. Kwa muda wa saa tatu nzima tukasikiliza watu wakibishana Kiholanzi, naye akitutafsiria.

"Sasa huyu anasema ng'ombe wetu ni wengi mno. Sasa yule anasema si wengi."

"Kwani hakuna mtu wa kuwahesabu?" akauliza Wanyonyi.

"Wamehesabiwa. Hawakubaliani kama ni wengi."

Wanyonyi akatafakari kilomita kadhaa. "Na wewe utampigia nani?"

Wouter akatoa bahasha kwenye begi. Ilikuwa na karatasi yake ya kura, na ilitakiwa ifike ubalozini kwao Jumapili. Vyama vilikuwa vingi kama majina kwenye rejista ya shule ya msingi. "Sijui bado," akasema. "Ninasikiliza kila upande." Kisha akageuka. "Katibu! Stroberi moja? Najua unaipenda."

Nikanywa. Ni kinywaji chenye ladha ya dawa ya kikohozi ya mtoto, na povu juu. "Nzuri," nikasema, kama nilivyokuwa nikisema kwa miezi minane.

Saa sita mchana tulisimama kituo cha mafuta kujaza na kula. Nilikuwa chooni. Niliporudi nikakuta Wanyonyi amevaa glavu akizipiga piga, na Kipchumba amesimama mbele yake na pampu ya mafuta mkononi.

"Mzee, vua. Utazilegeza."

"Nizivue za nini, na kesho nadaka?"

"Nani kakwambia?"

"Katibu."

Wote wawili wakanigeukia. Nilitaka kuwaambia ukweli, lakini kichwani mwangu tayari kulikuwa na picha ya Kipchumba akituacha hapo, na nyingine ya Wanyonyi akishuka uwanja wa ndege bila video, na ya tatu ya mimi kama kiini cha yote. Nikafungua mdomo. "Jamani, msijali."

Aliyeokoa hali, au niseme aliyeiharibu rasmi, ni Wouter. Alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. "Ni mgogoro wa kuunda serikali!" akasema, akitandika mkeka kivulini. "Kaeni. Hakuna anayeondoka bila makubaliano."

Tukakaa saa mbili na nusu. Mimi niliandika. Wenzetu walilala ndani ya koasta, wakawa wanatoa vichwa dirishani kuuliza kama tumepata kipa. Mwisho wake ulikuwa mkataba wa kurasa nne. Wanyonyi atakuwa kipa wa mambo ya ndani: mipira yote itakayopigwa kutoka ndani ya boksi ni yake. Kipchumba atakuwa kipa wa mambo ya nje: mashuti ya mbali yote yake. Kona zitajadiliwa zikitokea. Glavu ya kulia ya Wanyonyi, ya kushoto ya Kipchumba. Wakatia sahihi. Na mimi, msomi wa siasa, nilipumua kwa raha ya kweli, kwa sababu hakuna aliyekuwa amenikasirikia.

Saa kumi jioni tukapita Taif na kuanza kuteremka mlima kwa kona kali. Huko nyani hukaa kando ya barabara wakingoja wasafiri. Tuliposimama kupumzisha breki, mmoja akaingia mlangoni, akapora kopo la stroberi na kuruka ukingoni. Alilitoboa kwa jino, akaonja, akatema, akalitupa bondeni. Hakumtazama mtu usoni wala hakueleza sababu. Nilimwonea wivu.

Chini ya mlima barabara iligawanyika. Kibao kilisema Waislamu wanyooke kwenda Makka, wasio Waislamu wakunje. Garini mwetu wote tulikuwa wa kukunja. Kipchumba akawasha indiketa.

"Unaona kibao hicho, Katibu?" akasema, akinitazama kwenye kioo. "Hakina usijali."

Saa moja jioni tuliingia Jeddah, hewa nzito ya bahari, shati likagandana na mgongo mara moja. Wenyeji wetu walikuwa timu ya Kandara, mtaa wa zamani wa vyumba vya bei nafuu na maduka madogo. Nahodha wao, Mwinyi, Mzanzibari aliye karani bandarini, alitupokea kwa sinia la wali bukhari na kuku.

"Ahlan, ahlan, watu wa bara! Na mlinda mlango wenu ndo yupi?"

"Hawa wawili," Wouter akajibu kwa fahari, akaeleza mkataba wote.

Mwinyi akaweka chini paja la kuku. "Subhanallah. Nyinyi mumekuja kucheza mpira au munafunga ndoa?"

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, tulikuwa uwanjani. Dada kadhaa wa Kenya wanaofanya kazi za nyumbani walikuwa wamepewa ruhusa na madamu zao, wamejipanga kwenye ukuta na soda. Makipa wetu waliingia bega kwa bega, kila mmoja na glavu moja. Refa, Ustadh Idris, mwalimu wa Kisudani, aliwahesabu kwa kidole. Mwinyi akamtafsiria mkataba kwa Kiarabu. Refa alicheka hadi walipofika kwenye kona zitakazojadiliwa, hapo akaacha kucheka.

"Mafi. Kipa mmoja," akasema, akiinua kidole. "Dakika tano. Yalla."

"Dakika tano zinatosha kufungua mazungumzo," Wouter akasema. "Kipengele cha kwanza. Katibu, soma."

Nikafungua karatasi, nami nikawaza yafuatayo, yote kwa pamoja. Kipchumba akidaka tunaweza kushinda. Wanyonyi akidaka tutafungwa. Nekesa hajui tofauti. Kipchumba ndiye anayeturudisha kwa zile kona za Taif. Tukisoma kipengele cha kwanza, dakika tano zitaisha, refa atachagua, nami sitakuwa nimemkosea mtu. Hili la mwisho ndilo lililonishtua, maana nililipenda sana. Niliwatazama watu wawili wazima, kila mmoja na glavu moja, wamesimama hivyo mbele ya watu kwa sababu mimi nilitaka kupendwa.

Nikakunja karatasi. Nikamwendea Kipchumba.

"Nilikudanganya," nikamwambia. "Nilikuwa nimemwahidi Wanyonyi kabla yako. Leo hudaki."

"Hata nusu?"

"Hapana."

"Na ulijua haya tangu Riyadh?"

"Tangu Riyadh."

"Nikaendesha kutwa nzima, nikaketi kwenye mkeka, nikatia sahihi."

"Ndiyo."

Akavua glavu akanipiga nayo kifuani, si kwa nguvu. "Katibu, wewe ni bure kabisa. Na funguo za gari ninazo." Akaenda zake. Nikampelekea Wanyonyi glavu ya pili, nikatoa simu, nikaanza kurekodi.

Dakika ya nne, bao. Ya kumi na moja, bao. La tatu lilipita katikati ya miguu yake.

"Wanyonyi!" dada mmoja akapaza sauti kutoka ukutani. "Wewe si mlinzi? Mbona huo mpira hujauuliza ikama?"

"Unaingiza wageni bila kuandika!" mwingine akamsaidia.

Wouter, kando yangu, aliuliza kama tunaweza kuitisha kikao wakati wa mapumziko. Nikamwambia hapana. Ilikuwa ya pili, nayo ilitoka kwa urahisi zaidi.

Kipindi cha pili nilimwona Kipchumba. Alikuwa ametoka garini, amesimama nyuma ya wavu na uso wa mtu anayeumwa jino. Wanyonyi akafungwa la nne, Kipchumba akashindwa kuvumilia.

"Mzee! Usikae kwenye mstari kama uko kwa kibanda! Toka mbele! Toka!"

Wanyonyi akatoka mbele. Mpira ukamgonga paja ukaenda kona.

"Sasa geuka. Yule mrefu anapiga kushoto kwako, nimemwona. Kushoto! Sasa!"

Wanyonyi akaanguka kushoto kama gunia linaloshushwa kwenye lori, na mpira ukakwama kifuani mwake. Alibaki chini ameukumbatia. Ukuta mzima ulipiga vigelegele, hata Kandara walipiga makofi. Tulifungwa manne kwa bila. Wanyonyi alitoka uwanjani akisalimia watu kwa mikono miwili.

Jua lilipozama ilikuja zamu ya kile Wouter anachokiita kipindi cha tatu. Kwao, anasema, mechi ya mtaani haijaisha mpaka timu zote mbili zinywe pamoja. Aliwamiminia watu stroberi kwenye glasi, akitaka povu la vidole viwili na kulikata juu kwa kisu kama desturi yao. Povu lilikuwa likifa kabla kisu hakijafika. Kandara walikunywa kwa heshima. Mwinyi alimimina yake taratibu kwenye chungu cha maua.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, tukaanza kurudi. Kipchumba alipanda zile kona za Taif polepole kuliko alivyozishuka, bila kunisemesha. Juu ya mlima simu ya Wanyonyi ikalia, ulikuwa ujumbe wa sauti wa Nekesa kujibu video, naye akaufungulia gari zima: "Baba, nimekuona! Lakini huyo nyuma yako anayekupigia kelele ni nani?"

Wanyonyi akabonyeza kurekodi jibu. "Huyo ni kipa wa mambo ya nje," akamjibu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Kipchumba alicheka mpaka akapunguza mwendo.

Saa tano tukasimama kituo kile kile cha mafuta. Wouter aliweka karatasi yake ya kura juu ya boksi la barafu, akaitazama, akaweka alama kwa kalamu nyekundu bila kumuuliza mtu, akalamba bahasha. Hakutuambia amempigia nani. Kisha akanyoosha mkono na kopo.

"Katibu. Ladha yako."

Nikanywa funda moja. Nilijua "nzuri" ingetosha, na kwamba ingenigharimu miezi minane mingine.

"Ni mbaya," nikasema. "Imekuwa mbaya tangu kopo la kwanza."

Wouter alifungua begi. Akatoa daftari lake, akafungua ukurasa wa stroberi, akanionyesha. Kwa mkono wake mwenyewe kulikuwa kumeandikwa: *Haifai. Nunua kwa ajili ya Katibu.*

Zilikuwa zimebaki katoni mbili. Nilizibeba moja moja hadi nyuma ya kituo, nikamwaga kopo baada ya kopo kwenye mchanga, nikatupa makopo pipani. Niliporudi sikwenda kiti cha nyuma. Nilifungua mlango wa mbele, nikaketi karibu na Kipchumba, naye akawasha gari.