Bia Zangu na Maziwa ya Baba

Siku hizi watu wakiniona shati limenibana tumboni husema, "Ufito, umenenepa, hongera!" Nami hucheka na kushukuru, maana mtu akikusifu barabarani huwezi kumshika mkono ukaanza kumsimulia dhambi zako. Lakini kitambi hiki nakijua kilikotoka, na kila nikifunga mkanda nazikumbuka ngazi za jengo letu.

Kazi yangu ni kutengeneza saa. Nina miaka kumi na miwili nikikaa kwenye kigoda kile kile, lenzi jichoni, koleo ndogo mkononi, natafuta skrubu zisizozidi punje ya mchanga. Ni kazi isiyojenga msuli wowote isipokuwa wa kope. Mwaka jana nilikuwa na kilo hamsini na mbili, nguo zikiwemo. Jina la Ufito alinipa baba mwenyewe nikiwa mtoto, mtaa mzima ukalipokea, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nalipenda.

Baba ni kinyume changu. Alikuwa mpagazi kwenye ghala la nafaka kwa miaka thelathini, na wenzake walimwita Winchi. Gunia la kilo tisini alilitupa begani huku akipiga mluzi. Halafu kiharusi kikamwangusha akiwa amestaafu mwaka mmoja tu. Upande wa kushoto ukalala wote, mkono na mguu.

Tunakaa ghorofa ya tatu na jengo halina lifti. Chini kabisa kuna kinyozi, na kwa kinyozi ndiko baba na wapagazi wenzake walikokutana kila Jumamosi asubuhi kunyolewa na kubishana. Baada ya ule ugonjwa, kicheko chao kilipanda mpaka dirishani petu, naye baba akiwa kitandani aligeuza kichwa kusikiliza. Miezi tisa hakushuka. Majirani walijitolea kumbeba na kiti, akawakatalia katakata.

"Nimebeba mizigo ya watu maisha yangu yote," aliwaambia. "Mimi mwenyewe siwi mzigo wa mtu baki. Akinibeba mwanangu, nitashuka."

Mama aliniangalia mimi, akaiangalia mikono yangu, kisha akaangalia sakafu. Ile sakafu ndiyo iliyoniuma.

"Nipe miezi sita, baba," nikasema. "Nitakubeba mgongoni mpaka kwenye kiti cha kinyozi."

Jirani yangu wa kazini ni fundi wa kuchomelea, jina lake la mtaani ni Nondo, na mwili wake unafanana nalo. Nyuma ya karakana yake ana vyuma vya kunyanyulia alivyojitengenezea: vyuma virefu vyenye makopo ya rangi kila upande, yaliyojazwa saruji. Alikubali kunifundisha bure. "Ila lazima ule, kaka," akaniambia. "Mwili haujengwi kwa hewa."

Nyumbani mama akanielewa upesi. Jioni ya kwanza nilikuta mayai mawili na kikombe kikubwa cha maziwa mbele yangu. Nilikijua kile kikombe. Daktari alikuwa amemwagiza baba mayai na maziwa kila siku ili mwili urudi.

"Haya si ya baba?" nikauliza.

Baba akajibu mwenyewe kutoka kitandani. "Kule ghalani tulikuwa na desturi yetu. Chakula kikiletwa tunauliza, nani ana mzigo mzito kesho? Huyo anakula kwanza, na wengine wanamkatia kwenye sahani zao. Sasa usinivunjie desturi. Kunywa."

Nikanywa. Nilidhani ni ya siku moja. Kesho yake kikombe kilikuwa pale pale, na keshokutwa, na mama kila nilipouliza alisema, "Baba yako maziwa yamemkinai, wewe kunywa tu." Nikaamua kumwamini, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kutomwamini.

Wiki tatu za kwanza nilifanya mazoezi ya kweli. Niliumwa mpaka nywele. Saa za wateja nilizishika kwa mikono inayotetemeka, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu niache shule. Mkono wangu ulianza kuwa na kitu, si kikubwa, lakini kitu.

Baa iko hatua ishirini kutoka karakana. Siku moja, jasho bado halijakauka, Nondo akaniambia, "Kaka, bia ni nini? Ni shayiri. Na shayiri ni nini? Ni chakula. Wewe unataka uzito, unaogopa chakula?" Nikacheka. Bia ile ilikuwa baridi, na sitawadanganya, ilikuwa tamu. Siku zilizofuata zikawa mbili, kisha nne. Nondo yeye bia haimkai mwilini, anainama juu ya vyuma tangu asubuhi mpaka jioni. Mimi nilirudi kwenye kigoda changu. Mwezi wa nne tukawa tunanyanyua mara kumi, tunapumzika, tunatazamana, tunakwenda baa. Mwezi wa tano tulikuwa tunakwenda baa moja kwa moja, kujadili mazoezi.

Balaa ni kwamba mizani ilikuwa upande wangu. Kila Ijumaa nilipanda mizani ya duka la nafaka, ile ya kupimia magunia. Hamsini na tano. Hamsini na nane. Sitini na mbili! Nilipeleka habari nyumbani kama mwanafunzi mwenye cheti, na mama alipiga kigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

"Njoo nikushike," baba akasema.

Alinipapasa kwa mkono wake mzima, jinsi alivyokuwa akipapasa gunia kabla ya kulitia begani. Bega. Mgongo. Paja. Kisha tumbo, na hapo mkono ukatulia.

"Uzito umepanda kweli," akasema. "Ila mzigo umepangwa mbele."

Nilicheka, nikasema utajipanga wenyewe. Yeye hakucheka. Mdomoni nilikuwa na pipi ya mnanaa, kama kila jioni, nikijidanganya kwamba mtu aliyefanya kazi na walevi miaka thelathini hawezi kuijua harufu iliyo chini ya mnanaa.

Kuna jioni moja sijamsimulia mtu. Nilirudi na bia tano tumboni, nikakuta kikombe mezani, na mama amesimama pembeni anangoja nimalize. Nikamaliza. Dakika tano baadaye nilikuwa chooni, nimefungua bomba ili wasisikie, natapika. Yalitoka meupe. Niliyatazama yakizunguka na kupotea, nikajua kabisa ni maziwa ya nani. Niliona aibu ambayo sina jina lake. Kesho yake jioni nilikwenda baa.

Miezi sita ikatimia, ikawa Jumamosi iliyopita. Mama alimvalisha baba shati lililopigwa pasi mara mbili. Na mimi, mjinga, Ijumaa nilikuwa nimekunywa nne za kujipa moyo.

"Piga goti, usiiname kwa kiuno," baba alinielekeza nyuma ya sikio langu. "Usikimbilie ngazi. Ngazi haikimbii."

Nilisimama naye mgongoni, nikashtuka. Alikuwa mwepesi. Winchi, aliyekuwa akijaza mlango, alikuwa amebaki mifupa na shati. Hapo ndipo nilipoelewa miezi sita ya vikombe ilimgharimu nini, na nikajua pia kwamba nikishindwa kumbeba mtu huyu, sina pa kujificha.

Ngazi zetu ni arobaini na nane, kumi na sita kila ghorofa. Kumi na sita za kwanza nilizimaliza na mama akishangilia juu. Kumi na sita za pili nilizimaliza nikiwa sioni vizuri. Kwenye kibaraza cha ghorofa ya kwanza pumzi ikakatika, na jasho lililonitoka lilinuka baa. Nikamshusha polepole, nikamwegemeza ukutani. Chini tulisikia mkasi wa kinyozi na wazee wakibishana kuhusu mpira.

Nilijaribu tena. Nikajaribu mara ya tatu. Goti lilinyanyuka sakafuni, likarudi.

"Baba," nikasema. "Nimekuwa nikinywa bia."

"Najua. Tangu mwezi wa pili."

"Mbona hukusema?"

Aliuweka mkono wake mzima juu ya bega langu. "Mtu akiwa chini ya gunia hapigiwi kelele. Ukimpigia kelele anaangusha. Nilikuwa nasubiri ulitue mwenyewe."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini ile ilikuwa saruji ya ghorofa, haipasuki kwa ajili ya mtu. Baba ndiye aliyeita. Aliita kinyozi kwa jina lake la utani, kwa sauti niliyokuwa nimeisahau, na wakapanda watu wawili na kiti cha plastiki. Watu baki. Walipomnyanyua alifumba macho, hakuyafumbua mpaka chini.

Kwa kinyozi wazee walimpokea kama mtu aliyerudi safari. Wakapiga meza, wakamwita Winchi, mmoja akafuta machozi kwa taulo la kunyolea. Wakamuuliza ameshukaje. Nilikuwa mlangoni, tayari kutahayari.

"Mwanangu," akasema. "Kanibeba ghorofa mbili, peke yake."

Wakanishangilia. Ilikuwa kweli, na hakuna uongo uliowahi kuniuma kama ukweli ule.

Jioni tulikaa kula. Baba alikuwa amekwishapandishwa, kwa kiti kile kile, na amenyolewa vizuri. Mbele yangu kulikuwa na mayai mawili na kikombe. Nilikichukua nikampelekea kitandani.

"Ni yako, baba. Tafadhali."

Hakukipokea. "Nani ana mzigo mzito kesho?"

Nikakisogeza tena kwake.

"Zimebaki ngazi kumi na sita," akasema. "Jumamosi ijayo zipo, na ijayo yake." Akakisukuma kikombe kwangu kwa ule mkono wake mzima, na mkono ule ulikuwa mwembamba kuliko wangu ulivyowahi kuwa. "Kunywa."

Mama aligeukia jiko. Baba aliendelea kunitazama. Nikayanywa yote, mbele yake, mpaka mwisho.