Nusu ya Kwanza ya Salamu

Mimi ni mtoto wa Kakanda. Nimelelewa katika kanisa la turubai na ngoma, mahali ambapo mtu akiomba, mtaa mzima unajua shida yake. Nilipoolewa Shituru, katika nyumba ya Wakatoliki, jamani, niliona mambo. Siku ya majivu mama mkwe wangu alirudi na doa jeusi kwenye paji la uso, akapita nalo sokoni bila haya. Tawi la mchikichi la Jumapili ya Matawi, lililokauka, lilining'inia juu ya mlango mwaka mzima, na ole wangu nikiligusa kwa ufagio. Lakini kilichonimaliza kabisa ni rozari. Wanawake wa shirika, yaani Wakatoliki wa mtaa wetu wanaosali nyumba kwa nyumba, walikaa sebuleni. Mmoja anasema nusu ya kwanza ya Salamu Maria, wengine wanajibu nusu ya pili, kisha wanaanza upya kana kwamba hawajasema kitu. Maneno yale yale, yale yale!

Siku moja mdomo uliniwasha.

"Mama, Mungu yenu iko kiziwi?"

Mama mkwe hakukasirika. Aliendelea kutwanga sombe, majani yake ya muhogo. "Mutoto yako anakuitaka mama, mama, mama, tangu asubui. Weye uko kiziwi?"

Nilicheka, lakini sikukubali. Siku ya kuolewa nilikuwa nimemwapia mama yangu mzazi kwamba Maria wao hatapita mdomoni mwangu. Nitawapikia chai, nitawapangia viti, basi.

Kisha mama mkwe akapooza. Upande wa kulia ukafa, na ulimi nao. Mwanamke aliyekuwa akinitania tangu jua linapochomoza sasa alinitazama tu, machozi yakimtoka. Mume wangu anafanya kazi kiwandani. Kila jioni alivua kofia yake ya kazi, akapiga magoti kando ya kitanda: "Mama, ni minye, mutoto yako. Sema hata kidogo." Kimya. Ni mtoto wake wa pekee, na niliogopa kwamba atamzika bila kuisikia tena ile sauti.

Walionishangaza ni wale wanawake wa shirika. Nilidhani watakuja mwanzoni tu, kisha watapotea. Wapi! Walikuja kila alasiri. Mmoja alifua mashuka, mwingine alileta unga wa bukari, ugali wetu, mwingine alimgeuza mgonjwa ubavu asipate vidonda. Sisi kwetu tunajua kulia mbele za Mungu, na kanisa langu nalipenda hadi leo, lakini uaminifu wa namna ile sijauona pengine. Wakimaliza kazi walikaa, wakasali yale yale.

Alasiri moja, nikiwa ninamimina chai, nilisikia sauti moja zaidi kwenye jibu, nzito, ya kukwaruza. "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu..." Ni yeye! Birika lilikaribia kuniponyoka. Tukamsemesha: jina lake, jina la mtoto wake, maji. Hakuna kitu. Ila mtu aliposema nusu ya kwanza ya Salamu, nusu ya pili ilimtoka yenyewe mpaka Amina.

Mume wangu aliporudi alimkuta amelala. Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akaja mapema asikie kwa masikio yake. Na mvua nayo, eh, ikaamua kunyesha siku hiyohiyo, mvua ya kufunga njia. Wanawake hawakuja. Tukamkalisha mama kitandani na mto mgongoni. Alikuwa akitazama mlango; saa ya sala ilikuwa imefika, naye alijua.

"Anza weye," nikamwambia mume wangu.

"Salamu Ma..." Akajaribu tena, kilio kikamshinda. Mama alimtazama, midomo ikimcheza, akingoja zamu yake. Bila mtu wa kumwanzishia, hakuweza kusema chochote.

Nilimfikiria mama yangu kule Kakanda. Nilikifikiria kile kiapo. Nilipandwa na hasira kweli, na sijui nilimkasirikia nani. Nikaweka chini birika la chai nililokuwa nimelishika.

"Salamu Maria, umejaa neema," nikasema, na yote yanayofuata, bila kukosea neno. Kumbe yalikuwa yameniingia siku zote zile nikimimina chai.

Mama akavuta pumzi. Akajibu, polepole, mpaka Amina. Mume wangu akalaza kichwa mapajani mwake, na ule mkono uliobaki mzima ukampapasa shingoni.

Mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Tena," mume wangu akasema, bila kuinua kichwa.

Nikaanza upya.