Kivimbe Nyuma ya Fundo

Kilichoninyima usingizi kilikuwa kidogo kuliko punje ya mtama: duara jeupe kwenye picha ya ubongo wa msichana wa miaka minane. Kilikuwa kivimbe, au mshipa uliojikunja tu?

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Brussels. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha picha za ateri kwenye kompyuta ziwe umbo moja linalozunguka. Nilizipenda saa hizo. Mishipa ilielea mbele yangu kama mizizi ndani ya maji, ikigeuka polepole, mpaka nikasahau kwamba nje kulikuwa na tramu na mvua.

Msichana huyo, Neema, alizaliwa na fundo la mishipa: ateri zake zilimwaga damu moja kwa moja kwenye vena, bila vijishipa vyembamba vya katikati vinavyopunguza kasi. Mkuu wa idara, daktari mwenye sauti ya chini, alikuwa amenionya mapema.

"Fundo linavutia macho. Ukishaliona, unaacha kutafuta. Wewe fuata kila ateri hadi shinani. Damu ikipita kwa nguvu mno, ukuta wa ateri hulegea na kuvimba, na kivimbe kinaweza kupasuka."

Niliitikia, kisha nilipoliona fundo nikaacha kutafuta. Jioni, siku moja kabla ya matibabu, mama yake Neema, mtu wa Bukavu, Kongo, alinisikia kwenye korido nikiongea Kiswahili kwa simu.

"Eh, mutoto yangu, kumbe uko wa kwetu! Bon, niambie weye, ile picha iko namna gani? Bale badaktari banaongea Français mbio mbio."

"Iko muzuri, maman. Ni ile fundo tu. Kesho bataiziba."

"Mungu akuongezee. Lakini kula, unakonda sana!"

Niliporudi kuzungusha picha mara ya mwisho, nikaliona duara, kwenye ateri inayolisha fundo. Niliifunga kompyuta, nikaenda nyumbani, mtaa wa Evere. Nikiwa nimekosea, mtoto angecheleweshewa matibabu bure. Nikiwa sahihi, nilikuwa nimemdanganya mama yake. Nilitunga sentensi kumi za kumwambia daktari, nikazifuta zote kichwani.

Asubuhi, kabla Neema hajapelekwa chumba cha upasuaji, niligonga mlango wa mkuu.

"Sina hakika," nikasema.

"Basi keti, tuangalie."

Aliigeuza picha mara tatu. "Ni kivimbe. Tutaanza na hiki, fundo litasubiri. Mama yake anajua nini?"

Ningeweza kunyamaza. "Mimi nilimwambia hakuna kingine," nikasema. "Naomba twende pamoja."

Tulimkuta akimsuka Neema. Nilivuta kiti.

"Maman, jana nilikuambia ni fundo tu. Sikukuwa na haki ya kukuambia vile, tena haikukuwa kweli."

Vidole vyake vikasimama ndani ya nywele. Daktari akaanza kueleza kwa Kifaransa, taratibu, nami nikatafsiri sentensi baada ya sentensi, bila kuongeza hata moja ya kufariji.