Injini Yangu Haiendi Duarani

Pikipiki yangu ilinifia kwenye kilima cha kuingilia Segese, kuku kumi na wanane wakiwa tengani, jua la saa nne likinichoma utosi. Haikulia vibaya wala kutoa moshi. Ilijitoa gia yenyewe kama ilivyozoea, ila safari hii gia haikurudi. Niliitukana. Nina ulimi mimi, sikatai, na pikipiki ile ilishayasikia matusi yangu yote.

Kazi yangu ni kununua kuku wa kienyeji vijijini na kuwauzia mama ntilie wanaowapikia wachimbaji. Mwanzoni watu walishangaa kuona mwanamke mwenye ushungi, suruali chini ya dera, juu ya pikipiki. Wazee walinisalimia kwa Kisukuma, kwa heshima zote, "Mwangaluka, mayu," halafu nikishageuka wanacheka. Siku hizi wananifungia kuku kabla sijafika. Lakini bila usafiri, yupo mwanamume mmoja mwenye bajaji anayewahi na kuwakomba wote, mimi naambulia vifaranga.

Fundi aliifungua injini, akanionyesha meno ya gia. Yalikuwa yamelika kabisa.

"Mama, nilikwambia zamani. Ukiipa mzigo, gia inachomoka. Kubadilisha zote, bora ununue injini nyingine. Na hii fremu nimeichomelea mpaka nimechoka."

Mume wangu, aliyechimba miaka mingi kabla kifua hakijamsumbua, alitaka tuitengeneze hivyo hivyo. Akasema pikipiki hiyo imetulelea watoto.

"Imelea, ahsante yake," nikamwambia. "Sasa nataka nyingine."

Nikishasema nimesema. Shida ni kwamba akiba yangu haikufika. Ilibidi ile ya zamani ipate mtu wa kuinunua kwa bei ya maana, si ya chuma chakavu.

Akapatikana haraka kuliko nilivyotegemea. Alikuwa mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, na alitaka injini tu, aifunge kwenye winchi ya kuvutia mifuko ya mawe. Alitaja bei, moyo ukaniruka. Sikumficha kitu. Nikamwambia injini hii ikilemewa inajitoa gia.

"Mama, mimi napandisha mawe. Mfuko ukirudi chini tutaupandisha tena."

"Na watu?"

"Watu wana ngazi."

Nikapokea malipo ya awali, kishika uchumba, nikaenda nyumbani nikipiga vigelegele njia nzima. Wallahi nilishachagua hadi rangi ya pikipiki mpya.

Kesho yake nilipeleka kuku sita kwa miguu kwa mama ntilie mmoja, jiko lake liko karibu na duara la yule bwana. Winchi yao ya zamani ilikuwa ya mkono, wanaume wawili wanaizungusha huku jasho linawatiririka. Nikasimama nione mawe yakitoka. Kilichotoka ni mtu. Mguu mmoja kwenye kitanzi cha kamba, kaikumbatia kamba, vumbi mpaka kwenye kope. Akaruka pembeni, akacheka, akaniuliza jogoo bei gani. Ngazi ilikuwepo kweli, imeegeshwa, vipandio vyake vitatu havipo.

"Huwa wanapanda hivi?" nikamuuliza mama ntilie.

"Sasa mtu katoka kugonga mwamba tangu alfajiri, ngazi ataiweza wapi?"

Nikakaa kwenye benchi lake. Sikumkasirikia mwenye duara kwanza, nilijikasirikia mimi. Mimi ni mke wa mchimbaji. Niliuliza "na watu?" kwa sababu jibu nililijua, na nikakubali uongo wake kwa sababu nilitaka pikipiki. Jambo hilo linanitia aibu mpaka leo ninapoandika.

Sikusubiri. Nilimfuata pale pale, nikamrudishia kishika uchumba chake mkononi. Akakunja uso.

"Mama, usinichezee. Usiponiuzia wewe, ataniuzia mwingine."

"Mtafute huyo mwingine. Yangu haiendi."

Mume wangu aliposikia akasema basi injini ibaki kwa fundi, tutapata mteja wa spea. Loo! Nilimjua fundi wangu, mtu mwema, lakini noti zikimulika machoni anasahau ahadi. Wiki isingeisha kabla injini haijafungwa duarani. Nikaenda gereji, nikamwomba nyundo.

"Ya nini, mama?"

"Wewe nipe."

Alipoelewa akaanza kunisihi. Akasema hapo navunja nusu ya pikipiki yangu mpya.

"Najua ninachovunja," nikamjibu.

Pigo la kwanza lilikosa, likaniumiza kiwiko. La pili likaacha alama tu. La tatu bodi ya injini ikapasuka, oili nyeusi ikamwagika chini mpaka kwenye kandambili zangu, na bado nikaongeza mengine mawili ili asije akatokea mjanja wa kuichomelea. Nililia, ndiyo. Nililia huku nikipiga, vijana wote wa gereji wameacha kazi wananitazama.

Mabaki yaliuzwa kwa kilo. Sasa naendesha baiskeli ya mume wangu, tenga dogo nyuma, naondoka baada tu ya swala ya alfajiri ili nimuwahi yule wa bajaji. Siku nyingine namuwahi, siku nyingine ananiwahi. Pikipiki nitanunua. Sijabadili neno langu, nimebadili mwezi tu.

Mwenye duara naye alipata injini, kama alivyosema. Naisikia kila nikipeleka kuku kule, na meno ya gia zake siyajui. Ikianza kuunguruma nashuka kwenye baiskeli, nasimama, macho kwenye mdomo wa shimo. Kichwa cha mtu kikishatokeza, ndipo napanda na kuondoka.